Bonica: Mwanamieleka aliyewafunza madaktari kuyatuliza maumivu

ULINGONI alijulikana kama mtu asiye na uso. Alipanda jukwaani akiwa amejifunika barakoa kichwa kizima, akakabiliana na wapinzani wenye miili kama ya mafahali huku mashabiki wakipiga mayowe, kisha akatoweka bila mtu kujua alikotoka wala alikokwenda.

Siku iliyofuata mtu huyo huyo alikuwa amevaa koti jeupe, akipita kati ya vitanda vya wagonjwa katika hospitali ya jeshi la Marekani. Siri yake aliilinda vyema, ila masikio yake, yaliyovimba na kukunjamana kwa vipigo vya miaka mingi, yalikuwa tayari kumsaliti.

Jina lake lilikuwa John Bonica. Nje ya vyumba vya upasuaji wengi hawalijui. Lakini mgonjwa anayebadilishiwa goti leo, kisha akaamka na kukuta mguu wake umetiwa ganzi, vidonge vyake vimepangiwa saa, na muuguzi amesimama kando ya kitanda akimuuliza uchungu umefikia kiwango gani, anapita katika njia ambayo daktari huyu alitumia maisha yake yote kuifyeka.

Bonica alizaliwa mnamo Februari 16, 1917 katika kisiwa cha Filicudi, kimojawapo cha visiwa vidogo vya volkeno vilivyo kaskazini mwa Sicily, nchini Italia. Ni mahali pa mawe na bahari, ambapo watu wengi walilazimika kuhama ili kutafuta riziki ng'ambo. Familia yake nayo ilifunga safari mwaka wa 1927, kijana huyo akiwa na umri wa miaka kumi, ikatia nanga Brooklyn, jijini New York.

Maisha hayakuwa mteremko. Baba yake alifariki John akiwa angali kijana wa shule, na mzigo wa kuisaidia familia ukamwangukia. Alipiga watu viatu rangi, akauza magazeti, akachuuza matunda na mboga. Shuleni aligundua kwamba alikuwa na kipawa kingine: hakuna aliyeweza kumbwaga kwa urahisi katika mieleka.

Alipoamua kusomea udaktari, mieleka ndiyo iliyomlipia karo. Alishindana kama mwanamieleka wa kulipwa, na wakati wa likizo akafuatana na sarakasi kama mbabe wa kuonyesha nguvu zake mbele ya umati. Mnamo 1939 alitwaa ubingwa wa Canada katika uzani wa kati ya wepesi na wazito, na mwaka wa 1941 akashikilia ubingwa wa dunia wa uzani huo kwa muda wa miezi saba. Alikuwa angali mwanafunzi katika chuo cha udaktari cha Marquette, jijini Milwaukee, alikohitimu mwaka wa 1942.

Wapo wanaoibeza mieleka ya kulipwa wakisema kuwa ni maigizo matupu, na kwamba mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Huenda wana hoja. Lakini mifupa ya Bonica haikujua lolote kuhusu mapatano ya aina hiyo. Kila alipobwagwa sakafuni, nyonga na mabega yake yaliweka deni ambalo angelilipa baadaye, tena kwa riba.

Mwaka huo wa kuhitimu alimwoa Emma Baldetti, na ni masaibu ya mwanamke huyo yaliyoamua mkondo wa maisha ya mumewe kitaaluma. Emma alipokuwa akijifungua mtoto wao wa kwanza, daktari asiye na uzoefu alitwikwa jukumu la kumpa etha ili asisikie uchungu. Emma alitapika, njia ya hewa ikaziba, akaanza kugeuka rangi. Bonica, aliyekuwa karibu kama baba mtarajiwa, aliingilia kati, akaisafisha njia ya hewa na kumwokoa mkewe na mtoto.

Wakati huo kazi ya kuwatia wagonjwa nusukaputi ilidharauliwa katika hospitali nyingi. Ilionekana kama kibarua cha kumwachia mwanafunzi au yeyote asiye na shughuli. Bonica alitoka katika chumba kile cha kujifungulia akiwa ameazimia kuifanya iwe taaluma yake.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa angali kijana. Mnamo 1944 jeshi lilimpeleka katika Hospitali ya Madigan, kwenye kambi ya Fort Lewis, jimbo la Washington, awe mkuu wa idara ya ganzi. Hospitali hiyo ilikuwa na maelfu ya vitanda, na ndani yake walilala askari waliorejeshwa kutoka medani za Pasifiki. Ni katika kipindi hicho ambapo aliivaa barakoa ili wakubwa wake jeshini wasifahamu kuwa ofisa wao alikuwa akienda kupigana mieleka.

Alichokiona Madigan kilimkanganya. Kulikuwa na askari waliokatwa miguu, lakini bado wakilalamika kwamba nyayo ambazo hazikuwapo tena zilikuwa zikiwaka moto. Wengine majeraha yao yalikuwa yamefunga vizuri, kovu limekauka, lakini hata kuguswa na shuka kuliwatoa machozi. Kwa mujibu wa mafunzo aliyopewa Bonica, watu hao walistahili kuwa wamepona.

Daktari huyo alirudi vitabuni kutafuta majibu. Alipekua juzuu nene za tiba na upasuaji na kupata kurasa chache tu zilizozungumzia maumivu yenyewe. Maumivu yalitajwa kila mahali kama dalili, kama kengele inayomwonyesha daktari mahali palipo na ugonjwa. La kufanya iwapo kengele ingekataa kunyamaza baada ya moto kuzimwa halikuwa limeandikwa.

Akawaendea wenzake. Alimwandikia mtaalamu wa mishipa ya fahamu, akamwandikia wa mifupa, akamwandikia wa magonjwa ya akili, akiomba ushauri kuhusu mgonjwa mmoja mmoja. Majibu yalichelewa, na yalipofika yalitofautiana. Hatimaye aliwaita waketi pamoja wakati wa chakula cha mchana na kumjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Jambo hilo leo linaonekana la kawaida mno. Wakati huo halikuwa limezoeleka kwa madaktari wa fani mbalimbali kukaa meza moja kwa sababu tu mtu fulani anaumwa.

Baada ya vita alihamia Hospitali Kuu ya Tacoma, katika jimbo hilo hilo la Washington. Huko aliwadunga wagonjwa dawa za ganzi kando ya mishipa ya fahamu ili kuikatiza habari ya uchungu kabla haijafika ubongoni. Aliwatia ganzi akina mama waliokuwa wakijifungua kwa kuidunga dawa mgongoni, nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, ili wasilazwe kwa etha kama alivyolazwa Emma. Kazi yake katika uwanja huo wa uzazi peke yake ingetosha kumjengea jina.

Lakini sindano, kama alivyogundua, zilikuwa na mipaka. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya saa chache, wengine hawakupata kabisa. Fundi mmoja mwenye chombo kimoja hakutosha.

Mwaka wa 1953 alichapisha kitabu kilichobeba yote aliyoyaona. Kilikuwa na takriban kurasa 1,500, na kilihusu namna ya kuyakabili maumivu. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kuna maumivu yanayomlinda mtu na kuna maumivu yanayomharibu. Yale ya kwanza humfanya mtu auondoe mkono wake jikoni. Ya pili hubakia baada ya jeraha kupona, yakawa yenyewe ndiyo ugonjwa, yakamnyang'anya mtu usingizi, kazi, ndoa na hata hamu ya kuishi.

Kitabu hicho kilipotoka, mwandishi wake mwenyewe alikuwa ameanza kulipa lile deni la ulingoni. Aliachana na mieleka akiwa na viungo vilivyochakaa kabla ya wakati. Gegedu, ule mto laini unaozuia mfupa usisagane na mwenzake, ulikuwa umelika kwenye nyonga. Mabega nayo yalikuwa yameharibika. Katika miaka iliyofuata alipasuliwa mara nyingi, nyonga na mabega, na kila mara akarudi kazini akiwa na magongo au mkongojo.

Aliyelala kitandani ndiye ajuaye kunguni wake. Bonica alikijua kitanda cha mgonjwa kutoka pande zote mbili. Alijua jinsi saa inavyokwenda polepole usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Alijua pia ile aibu ya mtu mzima, tena mbabe, kumwita muuguzi kwa mara ya tatu ili aombe dawa.

Hapa inafaa kueleza ni nini hasa hutokea mtu anapobadilishiwa kiungo, kwa sababu wengi hufikiri ni kazi ya kuondoa kibovu na kuweka kizima. Tuchukue goti. Aina ya goti bandia iliyofungua ukurasa wa sasa ilianza kutumiwa mwaka wa 1974 katika hospitali moja jijini New York. Daktari huifungua ngozi, akausogeza mfupa wa pia kando, akaikata ncha ya mfupa wa paja na ile ya muundi kwa msumeno, kisha akazivika vifuniko vya chuma na kuweka plastiki ngumu katikati. Ni useremala wa hali ya juu, lakini ni useremala uliofanyiwa nyama hai.

Mwili haujui kwamba msumeno huo ulikuwa wa kheri. Unachojua ni kwamba umejeruhiwa vibaya. Damu na majimaji hujaa, goti huvimba, na mishipa ya fahamu iliyo karibu huwa nyepesi kuamka hata kwa mguso mdogo. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali zaidi, ingawa uvimbe na ugumu huweza kuendelea kwa wiki nyingi.

Ubaya ni kwamba goti jipya halingoji. Mgonjwa hutakiwa asimame na kupiga hatua siku ile ile ya upasuaji au inayofuata, na aanze kulikunja na kulinyoosha. Asipofanya hivyo, kovu la ndani hukaza na goti hubakia kama ubao. Damu ikikaa bila kusukumwa huweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu huweza kuua. Anayeogopa kuvuta pumzi kwa kina au kukohoa hujiweka katika hatari ya nimonia.

Yaani uchungu ukiachwa utawale, unaweza kuubatilisha upasuaji uliogharimu pesa nyingi na kufanywa kwa ustadi mkubwa. Bonica alilirudia jambo hili kwa miongo kadhaa. Alishikilia kwamba maumivu baada ya upasuaji hayana kazi yoyote ya maana ya kumfanyia mgonjwa. Jeraha linajulikana liko wapi na ni nani aliyelifanya. Kumwacha mtu agugumie ni kuuongezea moyo wake mzigo, ni kuyabana mapafu yake, na ni kumzuia asitembee.

Wenzake wengi walimsikiliza kwa adabu na kuendelea na mazoea. Desturi ilikuwa kuandika dawa itolewe pale tu mgonjwa alipoihitaji. Neno hilo moja, alipoihitaji, lilificha mateso mengi. Mgonjwa alipaswa kwanza aumie, kisha aite, kisha asubiri muuguzi aliyekuwa na wagonjwa wengine thelathini, kisha funguo za kabati zitafutwe. Sindano ilipofika, uchungu ulikuwa umepanda hadi mahali ambapo kipimo kidogo hakikuweza kuushusha.

Isitoshe, kulikuwa na hofu ya uraibu. Madaktari waliogopa kwamba mofini na dawa nyingine za jamii ya afyuni zingewageuza wagonjwa wao kuwa watumwa wa sindano, hata zikitumiwa kwa siku tatu pekee. Mwaka wa 1973 utafiti uliofanywa na madaktari wawili jijini New York ulionyesha kwamba wagonjwa waliolazwa hospitalini waliandikiwa dawa kidogo kuliko walivyohitaji, na wauguzi wakawapa kidogo kuliko hata kile kilichoandikwa. Kwa Bonica hilo lilikuwa thibitisho la jambo aliloliona kwa macho yake tangu Madigan.

Mnamo 1960 Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, kilimkabidhi idara mpya ya ganzi aijenge. Hakupoteza muda. Pamoja na muuguzi Dorothy Crowley na mpasuaji wa ubongo Lowell White, alianzisha kliniki ambamo mgonjwa mwenye maumivu sugu alionwa na kundi la wataalamu kwa pamoja. Ilikuwa ile meza ya chakula cha mchana ya Madigan, sasa ikiwa imepewa jengo, bajeti na wanafunzi.

Inafaa kuzingatiwa kwamba mtu wa kwanza kutajwa baada yake katika kliniki hiyo alikuwa muuguzi. Daktari hupita wadini kwa dakika chache. Muuguzi ndiye anayekesha na mgonjwa, na ndiye anayejua ni nani anayeuma meno usiku akijifanya amelala.

Mtaalamu mwingine aliyejiunga na juhudi hizo alikuwa mwanasaikolojia Wilbert Fordyce. Huyu alileta wazo lililowashangaza wengi. Alisema kwamba dawa ikitolewa kama jibu la kilio, mwili hufunzwa kulia. Akapendekeza dawa zitolewe kwa kufuata saa, iwe mgonjwa analalamika au la, na kwamba sifa na faraja ziambatane na hatua alizopiga badala ya kuambatana na miguno yake. Wagonjwa wengi waliofika katika kliniki ya Seattle wakiwa wanameza vidonge chungu nzima walipunguziwa dozi hatua kwa hatua, na kurudishiwa mazoezi.

Aliyewahi kumuuguza mzazi baada ya upasuaji wa goti ataitambua busara hiyo. Kidonge kinachomezwa nusu saa kabla ya mazoezi huwa na faida kuliko viwili vinavyomezwa baada ya mazoezi kushindikana. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na mguu ulioinuliwa juu ya mto si mambo ya kupuuzwa kwa sababu tu hayauzwi katika duka la dawa.

Mwaka wa 1965 sayansi ilimwongezea Bonica nguvu. Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyosema kwamba uti wa mgongo una kitu mithili ya lango linaloweza kufunguliwa au kufungwa, hivi kwamba habari ya jeraha huongezwa au kupunguzwa kabla ya kufika ubongoni. Hofu, usingizi, matarajio na hata kusuguliwa kwa ngozi vinaweza kulisukuma lango hilo. Sehemu kadhaa za nadharia hiyo zilirekebishwa baadaye. Hata hivyo, ilieleza kwa nini majeraha mawili yanayofanana huumiza watu wawili kwa viwango tofauti bila yeyote kati yao kuwa mwongo.

Bonica aliona kwamba wakati wa kuwakusanya watu umefika. Mnamo Mei 1973 aliwaalika mamia ya wanasayansi na matabibu kutoka nchi mbalimbali katika mji mdogo wa Issaquah, karibu na Seattle. Watafiti wa maabara waliokuwa wakichunguza paka na panya walikutanishwa na madaktari waliokuwa wakikesha na wagonjwa wa saratani. Kabla ya kutawanyika walikubaliana kuunda chama cha kimataifa cha kuchunguza maumivu. Jarida lake lilianza kuchapishwa mwaka wa 1975, Wall akiwa mhariri, na mkutano mkuu wa kwanza ukafanyika mwaka huo huo mjini Florence, katika ile Italia aliyoihama Bonica akiwa mtoto.

Chama hicho ndicho kilichotoa, mnamo 1979, maelezo rasmi ya maana ya maumivu yaliyoyatambua kama jambo la mwili na la hisia kwa wakati mmoja. Maelezo hayo yalifanyiwa marekebisho mwaka wa 2020, na miongoni mwa yaliyosisitizwa ni kwamba neno la mtu anayesema anaumwa linapaswa kuheshimiwa. Mwaka wa 2010, katika azimio lililotolewa Montreal, matibabu ya maumivu yalitangazwa kuwa haki ya kila binadamu.

Kuhusu maumivu yake binafsi Bonica hakuwa mtu wa kujitangaza. Waliofanya kazi naye walimwona akichechemea, na walijua kwamba kuketi kwa muda mrefu kulimtesa. Alisafiri nchi baada ya nchi kuhutubia, akaandika hadi usiku wa manane. Aliamini kwamba kazi ndiyo iliyomzuia kugeuka kilema. Ni tiba ambayo si kila mgonjwa anaweza kuandikiwa, na pengine haikuwa nzuri kwa familia yenye watoto wanne, lakini yeye ilimfaa.

Mwaka wa 1988, katika idara ile ile aliyoijenga Seattle, mtaalamu wa ganzi Brian Ready na wenzake walichapisha taarifa kuhusu huduma mpya waliyoianzisha. Wataalamu wa ganzi hawakuishia tena mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Walimfuata mgonjwa hadi wadini, wakamtembelea kila siku, wakamwekea mpira mwembamba mgongoni wa kupitishia dawa au mashine ndogo yenye kitufe ambacho mgonjwa mwenyewe alikibonyeza kujiongezea dozi, huku mashine ikimzuia kuvuka kipimo. Hospitali nyingi duniani ziliiga mfano huo.

Tangu wakati huo mbinu zimebadilika kwa kasi. Kwa upasuaji wa goti, wengi sasa hutiwa ganzi ya mgongoni badala ya kulazwa usingizi mzito. Daktari hudunga dawa kuzunguka kiungo chenyewe kabla ya kukishona, na mwingine huutafuta mshipa wa fahamu pajani kwa mashine ya mawimbi ya sauti na kuulaza.

Zamani ganzi hiyo ilidungwa karibu na kinena. Iliua uchungu vizuri lakini ikadhoofisha misuli ya paja, na baadhi ya wagonjwa walianguka walipojaribu kusimama. Siku hizi hospitali nyingi huidunga chini zaidi, katikati ya paja, ili uchungu upungue na nguvu za kusimama zisipotee sana. Parasetamoli na dawa za kupunguza uvimbe hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyosalia, kwa wale ambao figo na tumbo vyao vinaziruhusu. Mofini na jamaa zake huachwa kuwa akiba ya siku chache.

Tahadhari hiyo ina sababu. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, nchi iliyomlea Bonica ilifurika vidonge vya afyuni vilivyouzwa kwa ahadi kwamba havingemnasa mgonjwa, na maelfu kwa maelfu ya watu waliangamia. Wapo wanaowalaumu waasisi wa tiba ya maumivu kwamba ndio waliofungua mlango. Lawama hiyo inamwonea Bonica. Kliniki yake ilijulikana kwa kuwaondoa watu kwenye vidonge, na mafunzo yake yalikuwa ya meza yenye wataalamu wengi. Kilichotokea ni kwamba meza hiyo ni ghali na kidonge ni rahisi, hivyo walipaji wakachagua kidonge. Lakini ni kweli vilevile kwamba kilio cha kutaka mgonjwa asikilizwe kiligeuzwa na wafanyabiashara kuwa tangazo.

Na bado lipo fumbo ambalo hata yeye hakulitegua. Tafiti za karne hii zinaonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti huendelea kuumwa miezi mingi baadaye, ilhali picha za eksrei zinaonyesha kiungo kimekaa barabara. Kwa baadhi yao chanzo hupatikana: kiungo kimelegea, kuna maambukizi, au uchungu unatoka kwenye nyonga au mgongo. Wengine hakionekani. Wanaoonekana kuwa katika hatari zaidi ni wale walioumwa sana kabla ya upasuaji, walioumwa sana siku za mwanzo, au walioingia chumba cha upasuaji wakiwa na wasiwasi na huzuni nyingi.

Bonica angewatambua watu hao mara moja. Ni ndugu wa wale askari wa Madigan waliopona makovu na kubaki na moto.

Alistaafu uongozi wa idara katika miaka ya 1970 lakini hakupumzika. Kati ya 1980 na 1984 alikuwa rais wa shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa ganzi. Mwaka wa 1990 toleo la pili la kitabu chake lilitoka likiwa limegawanywa katika juzuu mbili, safari hii likiwa na waandishi wengi. Matoleo yaliyofuata, yaliyochapishwa baada ya kifo chake, yanalibeba jina lake kwenye jalada, na katika kila mkutano mkuu wa chama alichokiasisi hutolewa mhadhara wa kumkumbuka.

Emma, ambaye pumzi yake iliyokatika katika chumba cha kujifungulia ilianzisha yote haya, alifariki katikati ya mwaka wa 1994. Mumewe hakukaa sana baada yake. Aliaga dunia Agosti 15 mwaka huo huo kutokana na kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 77.